Malalamiko Dhidi ya Mashine Isiyosubiri "Lakini"

Tumba,
Jumapili, 15 Novemba 2009.

Kwa Mhandisi Heshima Zacharie,
Mtungaji wa Maswali ya Skrini,
Vårby gård.

Mheshimiwa Mhandisi,

YAH: MASWALI YAKO AROBAINI NA SABA, HASA LILE LA JUMANNE

Natumai barua hii itakukuta mzima, umekaa kitini, na huna kitu cha moto mkononi. Mimi pia ni mzima, lakini hiyo "lakini" nitaifikia kwenye namba tano.

Najua utashangaa kuitwa Mheshimiwa na mtu aliyekubeba mgongoni kanisani ukamtapikia uji kwenye kola. Nimekuita hivyo kwa sababu hii ni barua ya kiofisi, na kwa sababu mke wangu Getrude amesema nikikuandikia kama mwanangu nitaanza kukuonea huruma kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza. Penye Kiswahili kigumu mwite mama yako akusomee. Penye matusi ruka.

Jambo lenyewe unalijua. Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, Göran msimamizi wa zamu ametuita sisi wawili: mimi niliyejibu swali, na wewe uliyelitunga. Anataka kujua ile jamu iliyomwagika Jumanne pale kiwandani Spånga ni kosa la nani. Likiwa langu, natolewa kwenye kiti cha chumba cha mitambo napelekwa ghala la baridi kupanga makopo, na goti hili unalolijua, miezi kumi na minne yote iliyobaki mpaka pensheni. Likiwa lako, kampuni yako inakatisha ile miezi sita ya majaribio waliyokupa, unarudi kuandika barua za kuomba kazi. Mmoja wetu lazima aumie. Nimelitafakari suala hili kwa muda wa kikombe kizima cha chai, na nimeona uumie wewe. Magoti yako bado mapya.

Elimu yangu ni darasa la nne, pamoja na mafunzo ya mashine ya miezi tisa yaliyonileta huku mwaka 1974, ambayo hayajaisha mpaka leo. Kwa hiyo nitapanga malalamiko yangu kwa namba, ili usiseme mzee anaropoka.

1. Mashine yako haisalimii. Naingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, masikio yamekufa kwa baridi. Sijafungua hata kifungo cha koti, skrini imeshanirukia: Ventil 4 stängd? Yaani valvu ya nne imefungwa? Ja au Nej, ndiyo au hapana. Umeamkaje, hakuna. Treni ilikuwaje, hakuna. Najua ninyi mliokulia huku mnawajibu wazazi kwa Kiswidi, na hilo tumeshalizoea. Lakini hata hicho Kiswidi kina maneno ya kusalimiana. Nimewahi kuyasikia mwenyewe, mara mbili.

2. Inaniona mwongo. Nikibonyeza Ja, inauliza tena: Är du säker? Una uhakika? Mheshimiwa, afisa wa uwanja wa ndege mwaka 1974 aliniuliza nimekuja kufanya nini, nikamjibu, akaridhika. Mchungaji aliniuliza kama namtaka Getrude, nikajibu mara moja, na shughuli ikaendelea. (Getrude anasema hapo ndipo swali la pili lingefaa.) Wewe valvu moja tu ya bomba la sukari unataka niiapie mara mbili.

3. Inanihesabia. Pembeni ya swali kuna saa inayorudi nyuma, thelathini, ishirini na tisa, ishirini na nane, na nisipojibu king'ora kinalia ukumbi mzima. Mwanaume wa miaka sitini na tatu, Mheshimiwa, haendi msalani akarudi ndani ya sekunde thelathini. Wiki iliyopita king'ora kimelia mara nne, na sasa kila mtu kiwandani anajua ratiba ya kibofu changu. Amne anayesafisha amefikia hatua ya kunipa pole mlangoni: "Pole baba, leo umejitahidi, imelia mara moja tu." Sitalalamika kuhusu vitu vyako vinavyomwekamweka kwenye kona ya skrini. Hivyo nimevidhibiti mwenyewe kwa kikaratasi cha gundi. Mimi si mtu wa kulalamikia kila kitu.

4. Nyumbani kwenu unaniita Tonton, yaani mjomba. Kwenye skrini unaniita Operatör 2. Operatör 1 ni nani? Ni Arsène, kijana wa miaka thelathini na moja, ambaye nilimfundisha mimi kufungua mfuniko wa tangi bila kuunguza nyusi. Amekuwa wa kwanza kwa sababu siku ya kuandikisha majina mimi nilikuwa pale nilipopataja kwenye namba tatu. Sasa kila asubuhi ananipigia saluti: "Muzee namba mbili, uliamukaje?" Angalau yeye anauliza.

5. Sasa tufike Jumanne. Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo kesi yako ilipolala.

Saa nne na robo skrini iliniuliza: Allt OK med tank 3? Mambo yote sawa na tangi la tatu? Mimi nililiona tangi la tatu. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Nikabonyeza Ja.

Najua Göran anauliza kwa nini. Amekwishaniuliza kwa Kiswidi, kwa Kiingereza na kwa mikono. Wewe huna haki ya kuuliza, kwa sababu umelelewa na watu. Mtu akikuuliza mambo yako sawa, unaanza na sawa. Ndivyo tulivyofunzwa. Ukimkuta mgonjwa amelazwa, mguu umening'inizwa kwa kamba, ukasema habari, anakujibu nzuri, halafu ndipo mnaingia kwenye habari za mguu. Baba yako Zacharie alinipigia simu mwaka ule wa moto. Nikamwambia habari za huko? Akasema, "Muzuri tu, mukubwa, na watoto bako muzuri. Ila jikoni kunawaka moto." Kwanza muzuri, kisha moto. Nilimshukuru kwa taarifa, nikamuuliza kama amewaita zimamoto, akasema wako mlangoni, nao pia ni wazima. Hiyo ndiyo adabu.

Kwa hiyo Jumanne nilijibu kama mtu mwenye mama: Ja. Nikavuta pumzi niseme lililobaki, yaani ja, lakini limejaa, msiongeze. Nikatafuta mahali pa kulisema. Hakuna. Kuna Ja, kuna Nej, basi. Na hiyo Ja yangu, ambayo ilikuwa salamu tu, mashine yako iliichukua kama amri. Ikafungua bomba.

Lingon, kama unavyojua, ni vijitunda vyekundu. Jamu yake inapotoka kwenye tangi la juu haina haraka, inashuka kwa heshima zote. Ilifunika ngazi, ikafunika sakafu, ikaingia kwenye viatu vya Göran aliyesimama katikati akisema neno moja lisilomo kwenye kamusi yangu. Amne alifika na ndoo, akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ya chini: "Baba Bethuel, mmemchinja nani?" Nikamwambia hakuna, wote wazima. Lakini.

Kosa liko wapi hapo? Kwa aliyejibu kwa adabu, au kwa aliyetunga swali lisilosubiri jibu liishe? Jina lako ni Heshima, Mheshimiwa. Mimi sisemi kitu.

6. Kwa kuwa mimi si mtu wa kubomoa tu, naleta na mapendekezo. Naomba kila swali litanguliwe na Shikamoo. Nikijibu Marahaba, iulize nimelalaje, goti langu linaendeleaje, na kama nyumbani kumepigwa simu. Nimepiga hesabu: salamu kamili inachukua dakika nne, maswali ni arobaini na saba kwa zamu, kwa hiyo kabla ya zamu kuisha tutakuwa tumesalimiana zaidi ya saa tatu. Jamu itapungua, hilo nakubali. Lakini itakayotoka itakuwa imetengenezwa na watu waliotulia.

7. Na tusiishie hapo. Mtu anayekuulizia familia yako mara arobaini na saba kwa siku si mgeni tena, ni ndugu. Basi mashine ibebe na majukumu ya undugu. Tukifiwa ije ikae msibani, tena isikae karibu na mlango kama anayetaka kuondoka. Kwa harusi ya binti yetu Libérate mwezi wa tano, kamati inahitaji mtu wa kukumbusha watu mambo bila kuchoka na bila kuona aibu. Sijaona anayefaa zaidi ya hiyo skrini yako. Ikitaka king'ora, ruksa.

8. Mwisho kabisa, ukishamaliza kuirekebisha mashine, naomba programu hiyohiyo umfungie na Göran. Miaka kumi na moja ananiuliza Läget? yaani hali ikoje, huku anatembea. Nikifika kwenye "nzuri" yeye ameshafika ghalani. Nina "lakini" za miaka kumi na moja nimemwekea, nyingine zinahusu paa.

Kutokana na hoja hizo nane, ambazo nimemsomea Getrude naye akasema "mh", naomba Alhamisi usimame mbele ya kikao ukiri kwamba uliyatunga maswali bila nafasi ya mtu mzima kumalizia sentensi yake. Sema kwa sauti, maana Göran sikio la kushoto halisikii vizuri. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni kwa huzuni inayostahili.

Msalimie baba yako Zacharie, mwambie ule msumeno wangu bado nauhitaji. Msalimie sana mama Séraphine, na wadogo zako wote, hata yule anayenijibu "hej hej" bila kutoa hizo waya masikioni. Wasalimie majirani wa ghorofa yenu wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia, wao hawana kosa. Getrude anawasalimu nyote. Arsène anawasalimu, akiwa wa kwanza kama kawaida.

Wako katika malalamiko,

Bethuel
(saini)

N.B. Jumatatu jioni.

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa kisu. Leo kazini nikasema ngoja ninakili maneno ya lile swali la Jumanne sawasawa, Göran asije akasema nimetunga. Miwani nimeisahau Tumba, nikamwita Arsène anisomee. Akasoma swali. Akasoma Ja. Akasoma Nej. Akanyoosha mkono akabandua kile kikaratasi changu cha njano, nilichoandika samaki, vitunguu, dawa ya G. Nilikibandika pale mwezi wa tisa, kwa sababu kona ile ilikuwa inamwekamweka inaniumiza macho.

Chini yake kuna kitufe cha tatu. Kimeandikwa Ja, men... Ndiyo, lakini.

"Kiko tangu mwanzo, Muzee," Arsène akaniambia. "Kinawakawaka tangi ikijaa." Akanirudishia kikaratasi changu kama mtu anayemrudishia mwenzake meno ya bandia.

Nikakibonyeza. Haikuhesabu sekunde. Haikuniuliza kama nina uhakika. Iliandika maneno matatu tu: Berätta. Satsen väntar. Eleza, jamu inasubiri. Na ikasubiri kweli. Nilikwenda msalani nikarudi, bado inasubiri.

Mwanangu, mhandisi gani wa nchi hii angewaza kuweka kitufe kama hicho? Ni yule tu aliyekulia kwenye nyumba ambayo moto unatangazwa baada ya "muzuri tu". Ulitutungia sisi. Uliniwekea mahali pangu, mimi nikapabandikia samaki na vitunguu.

Sasa fanya hivi. Chukua mkasi, ukate karatasi hii chini ya saini ya kwanza. Kipande cha juu mpe mama Séraphine afungie karanga. Kipande hiki cha chini, nyuma yake nimeandika maneno hayahaya kwa Kiswidi changu cha kiwandani, na kile kikaratasi cha njano nimekigandisha pembeni kama ushahidi. Alhamisi mpe Göran mkononi kabla mimi sijafika. Usinisubiri. Nikishaingia, nikakaa, yule bwana akaniuliza kama yote ni sawa, unajua nitakavyomjibu.

Bethuel
Operatör 2