Lori Lililozaa Oili

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Muleba.
Leo nimeona ajabu. Asubuhi nimechomoa kijiti cha kupimia oili kwenye lori la Bwana Lwakatare, kama kawaida yangu kabla hajaja kuliendesha. Oili imepanda! Juzi ilikuwa chini ya alama, leo imepita alama. Sijaongeza hata tone. Utingo mwenzangu, Projestus, haruhusiwi kugusa injini. Basi imejiongeza yenyewe.

Sijamwambia mtu. Projestus ni mwenyeji, tena amesoma misheni, atadai ameiona yeye. Na Bwana amesema safari ya Kibondo wiki ijayo itakuwa na utingo mmoja tu, yule aliyelitunza lori. Kibondo ni kwetu, sisi Waha. Binti yangu Skolastika anafunga ndoa huko tarehe kumi na tano, sikukuu ya Bikira Maria. Nilimwacha anatambaa. Kwa miguu sifiki, goti limekataa tangu nilipoanguka na gunia. Lazima nipande lori.

Jumanne, 4 Agosti.
Oili imepanda tena! Rejeta nayo inakunywa maji kama ng'ombe. Tukiwa Kagoma nimeteremka mtoni mara mbili na debe. Lakini maji ni maji na oili ni oili. Mambo mawili tofauti.

Nyuma tunatoa moshi mweupe. Projestus akasema moshi huo haumpendezi. Nikamjibu kwamba moshi mweusi ndio uchafu, mweupe ni usafi. Akapanda nyuma ya lori. Nimemshinda.

Alhamisi, 6 Agosti.
Nimemwambia Bwana kwamba tangu nianze kuangalia injini mimi, oili hainunuliwi. Alifurahi! Akanipiga begani, akasema kumbe Muha ana akili, alikuwa ameificha wapi siku zote. Kiti cha Kibondo ni changu.

Oili iliyozidi nimeikinga kwenye debe, nikampelekea Celina, mama anayetupikia, apake nguzo za nyumba yake zinazoliwa na mchwa. Akachungulia. Akauliza mbona ina rangi ya chai ya maziwa. Nikasema ni oili changa. Mawe! akashangaa kwa Kihaya, akasema yeye amezaa watoto sita na hajawahi kusikia oili changa. Lakini alipaka.

Jumamosi, 8 Agosti. Bukoba.
Afadhali nisingeamka leo. Tulipakia kahawa, tukaondoka vizuri. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Bukoba injini ikagonga, ikapiga chafya, ikanyamaza. Tukavutwa kwa kamba hadi kwa fundi Buberwa, watoto wakitushangilia njia nzima.

Fundi alichomoa kijiti, akanusa, akauliza ni nani aliyepika uji ndani ya injini. Kisha akaeleza. Gasketi iliyo chini ya kifuniko cha injini imeungua, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Ndiyo maana oili inapanda. Oili yenye maji hailainishi kitu, vyuma vinasagana. Akauliza nani anapima oili kila asubuhi.

Projestus akatazama viatu vyake. Hana viatu. Akatazama tu miguu. Hakunitaja. Ingekuwa mimi, ningemtaja.

Jumapili, 9 Agosti.
Misa. Wenzangu wameombea wagonjwa, mimi nimeombea gasketi. Inatoka Kampala kwa meli, na meli haina haraka na harusi ya mtu.

Mchana nikamshauri fundi tusingoje. Tukate gasketi ya lubugo, ile nguo ya gome la mti, tuiloweke kwenye utomvu wa mgomba. Utomvu huo umeshika shati langu mwaka wa tatu sasa na hautoki kwa sabuni yoyote. Fundi Buberwa alicheka hadi akakalia tairi. Akasema, ndugu yangu, lubugo wazee walizikia wafu, na mwenye injini hii anataka ifufuke.

Jumatano, 12 Agosti.
Gasketi imefika. Fundi alifungua, akapangusa, akaweka mpya. Akamwaga uji wote, akatia oili, akawasha injini kidogo, akaimwaga oili hiyo nayo, akatia nyingine. Mara ya mwisho kijiti kilitoka safi kama asali. Nilibeba madebe yote peke yangu ili Bwana anione.

Aliniona. Akasema Projestus ndiye atakayekwenda. Mimi nirudi Muleba kugeuza kahawa uani. Hakufoka. Alisema tu kwamba juzi alipita Muleba, akaziona nguzo za Celina, zina rangi ya uji ule ule. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 14 Agosti. Muleba.
Wameondoka alfajiri. Nimempa Projestus kanga niliyomnunulia Skolastika. Akauliza amwambie nini. Nikasema amwambie baba yake ana kazi nyingi. Akafikiri kidogo, akasema hapana, mzee, atamwambia baba yake ndiye aliyelitunza lori likafika. Kisha akapanda juu ya magunia. Nimemwita mjinga mwaka mzima.

Jumamosi, 15 Agosti.
Kengele za kanisani zimelia asubuhi. Sasa hivi mwanangu anaolewa, na mimi niko juu ya mikeka nageuza kahawa kwa reki. Nikijaribu kuukumbuka uso wake naona wa mtoto anayetambaa. Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Ningesema mapema kwamba maji yanapungua, ningekuwa nimesimama naye.

Ila nimegundua jambo. Jana jioni nilipima gunia moja la kahawa kavu, nikaimwaga mkekani ilale nje. Leo asubuhi nimelipima tena. Limezidi uzito! Kahawa imejiongeza yenyewe! Celina anasema ni umande tu, na mnunuzi huing'ata kwanza kahawa kabla ya kuipokea. Nikamjibu kwamba umande ni maji na kahawa ni kahawa. Mambo mawili tofauti.

Bwana akirudi nitamwambia mimi wa kwanza. Akifurahi, safari ijayo ya Kibondo ni yangu, pengine nimkute mjukuu. Leo nitaanika magunia yote. Projestus asijue.