Nguzo Kumi na Mbili za Ukumbi wa Juu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi, Ndugu Makamu wake, Ndugu Kaimu wa Makamu ambaye naambiwa yuko njiani tangu asubuhi, mama wa bibi harusi, baba wa bibi harusi ambaye pia ndiye fundi cherehani wetu wa chumba cha chini, wazee, kina mama, na watoto mlioanza kula kabla ya wakati, itifaki imezingatiwa, imekunjwa na kuwekwa mahali pake. (Makofi.)

Kama mjuavyo, tangu enzi za babu zetu hakuna harusi iliyokamilika katika ukumbi huu wa ghorofani bila Kishindo, yaani bibi harusi akiingia tu, sote tunaruka kwa pamoja mara tatu, na hata mimi nilirukiwa, enzi hizo nikiwa mwembamba. (Vicheko.) Lakini mwaka jana injinia alipima mbao za sakafu hii, akatikisa kichwa, akaandika kwamba ikirukiwa tena bila nguzo chini yake, tutamwangukia fundi na cherehani yake. (Fundi: "Vumbi la dari linaingia mpaka kwenye chai!") Wapo waliotaka Kishindo kipigwe marufuku. Nikasema, thubutu! Mila haifi mikononi mwangu! (Vigelegele.)

Ndipo ofisi yangu, kupitia mchakato shirikishi wa fizibiliti, semina elekezi nne na pawapointi moja ndefu, ikaazimia kusimamisha nguzo kumi na mbili imara, na leo natamka bila kupepesa macho kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne! (Makofi. Fundi: "Mheshimiwa, mimi nashinda huko chini, sijaona nguzo hata moja! Na anayeolewa ni binti yangu wa pekee!") Subira, fundi wangu, subira huvuta heri.

Mila juu! (Juu!) Usalama juu! (Juu!) Nguzo chini! (Ziko wapi?)

Nahitimisha kwa kuzishukuru nguzo zenyewe, wajumbe kumi na wawili wa kamati, nguzo za jamii yetu, simameni muonekane! (Wanasimama, mmoja kwa mkongojo.) Ripoti ilisema nguzo, jamani, haikusema za zege. (Fundi: "Mwanangu asipande! Tushukeni wote, tukarukie barabarani!" Ukumbi unamwagika ngazini, nguzo zikitangulia. Huko nje, vishindo vitatu na vigelegele.)

Mmeona? Sakafu haikutikisika hata kidogo. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.