Safu za Vitu Vilivyopotea

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shajara, niwie radhi kwa ukimya wa muda mrefu. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Sikuwa na la kuandika, na asiye na la kuandika asichafue karatasi. Leo lipo.

Stesheni inahamishia kumbukumbu za Ofisi ya Vitu Vilivyopotea kwenye mfumo mpya. Ofisini tupo wawili. Mimi, niliyekwisha kupita umri wa kustaafu na ninayebaki kwa mkataba. Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, niliyemwombea kazi mwenyewe. (Wema una hasara zake.) Mfumo mpya unahitaji mtu mmoja tu. Mkurugenzi, mama asiyependa maelezo marefu, atamchagua. Atakayebaki atapewa cheo cha msimamizi na kiti chenye magurudumu. Mwingine ataaga.

Nyumbani, mke wangu ameshanunua ndoo ya rangi kwa ajili ya uzio, na vifaranga. Asema watanichangamsha. Sijaomba kuchangamshwa.

Mtihani wenyewe ni huu. Hifadhidata yetu ina majedwali mawili: vitu na wenyewe, yaani wenye vitu hivyo. Fundi aliyeyatengeneza alizipa safu majina ya aibu: tar1, tar2, tar3, mh, hl. Kisha akahama mji. Mkurugenzi anataka kila safu iandikiwe maelezo humo humo ndani ya hifadhidata, ili mgeni ajue inahusu nini. Mimi nimepewa vitu. Shemeji kapewa wenyewe. Alhamisi tutawasilisha.

Nimeridhika. Shemeji huandika kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimemaliza! Katika lile dirisha jeusi la kuchapia amri, unataja safu, kisha unaweka maelezo yake kati ya alama mbili za mtajo. Safu ya tar1: “Tarehe ambayo kitu kiliokotwa.” Safu ya tar2: “Tarehe ambayo kitu kilipokewa ofisini.” Sentensi kamili, kila moja na nukta yake. Mashine ilizipokea zote bila ubishi.

Kisha nikachapa \d vitu ili niitazame kazi yangu. Yakaja majina ya safu. Zikaja aina zake. Maelezo hayakuja! Nikarudia. Hayakuja. Nikayaandika yote upya, polepole, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Nikatazama tena. Patupu.

Hitimisho: mashine imeyameza.

Nikalichungulia jedwali la Shemeji kwa amri ile ile. Nako patupu!

Hitimisho: Shemeji hajafanya lolote.

Mpango ukaja wenyewe. Nitayachapisha maelezo yangu kwenye karatasi safi. Alhamisi nitamwomba Mkurugenzi majedwali yote mawili yafunguliwe ukutani kwa projekta, mbele ya watu. Uvivu wa Shemeji utaonekana wazi. Mimi nitatoa karatasi yangu na kuilaumu mashine. Nani ataitetea mashine?

Shemeji alitafuna karanga asubuhi nzima, mdomo wazi. Akaniuliza, “Shemeji, mbona unagonga vibonye kama unapigilia misumari? Kompyuta imekukosea nini?” Nilikuwa nakichagua kiti chenye magurudumu katika fikra zangu. Cheusi, chenye mikono.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Asubuhi niliijaribu mashine mara nyingine. Sikuona faida ya kuipa maneno mazuri iyatupe, nikaipa niliyokuwa nayo kifuani. Kwenye tar3 nikaandika: “Siku mwenye kitu anapopigiwa simu. Shemeji hapigi simu. Hutafuna.” Kwenye rangi: “Rangi ya kitu kama inavyoonekana kwa mwenye macho mazima, si kwa Mkurugenzi, aliyeuita mwavuli wa zambarau kuwa mweusi, na mwenye mali akarudishwa nyumbani bila mwavuli mvua ikinyesha.” Kwenye mh: “Mahali kilipookotwa. Mhasibu huokotwa kantini.”

Nikatazama. Patupu! Nikacheka peke yangu. Sijapata kuwa na msikilizaji mwenye adabu kama huyu. Unamwambia jambo, analimeza, halirudi.

Kwenye hl, ambayo ni hali ya kitu, nikaandika hivi: “Hali ya kitu. Hali yangu mimi: nikiondolewa hapa sijui niamkie wapi asubuhi. Vifaranga hawanijui.”

Nikaifunga kompyuta.

Mchana kulitokea mambo yasiyo ya kawaida. Shemeji alichukua karanga zake akaenda kuzilia uani. Aliporudi alipiga simu, kwa hiari yake, kwa mwenye begi la kijani lililokaa rafuni tangu mwaka jana. Alimwita bwana yule “mheshimiwa”. Kisha akanigeukia akaniuliza iwapo vifaranga wangali hai, na iwapo ningependa aje Jumamosi kunisaidia kupaka uzio. Nilimuuliza nani kamweleza habari za vifaranga. Akasema, “Aa, shemeji, habari husambaa.” Dada yake, bila shaka. Nyumba yangu haina siri.

Naona hofu imemwingia. Anajua kwamba jedwali lake ni tupu, na anajipendekeza mapema. Amechelewa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kikao kilifanyika chumba cha juu. Mkurugenzi, mhasibu, Shemeji, mimi. Nilisimama kwanza, kwa haki ya umri. Nikaomba majedwali yafunguliwe ukutani, ili kazi ijisemee yenyewe.

Shemeji akanivuta mkono wa koti. Akaninong’oneza, “Shemeji, nakuomba. Waonyeshe karatasi yako tu, mambo yaishe.” Nikamwambia kwa sauti iliyosikika na wote kwamba aliyefanya kazi haogopi ukuta. Akasema, “Haya, baba,” kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa lifti ambayo haijafika.

Akachapa. Lakini hakuchapa kama ninavyochapa! Aliandika \d+ wenyewe. Baada ya ile d aliweka alama ya kujumlisha. Kulia kabisa ukutani ikatokea safu ambayo sijawahi kuiona maishani, na ndani yake maelezo ya Shemeji, mafupi, safi, moja kwa kila safu. Yana nukta!

Mhasibu akasema kwamba kumbe ndivyo yanavyoonekana. Mkurugenzi akasema sasa vitu.

Nilisema mashine ina hitilafu. Nilisema ninayo karatasi. Nilikohoa. Shemeji akachapa \d+ vitu taratibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuchapa.

Mkurugenzi ana sauti nzuri ya kusomea. Alisoma yote, kuanzia juu. Kwenye mh mhasibu aliirudisha chini ya meza chapati aliyokuwa ameishika. Kwenye rangi Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaendelea. Kwenye tar3 Shemeji aliangalia dari na kusema, “Karanga nimeshaziacha, mama, tangu jana.” Kwenye hl Mkurugenzi alisoma nusu. Nusu ya pili aliisoma kimya. Wote waliisoma kimya.

Kikao kikaahirishwa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Niliitwa. Mezani kwa Mkurugenzi palikuwa na mwavuli. Akaniuliza, “Mzee, huu ni wa rangi gani?”

Nikajibu kuwa ni wa zambarau. Angeniuliza mara mia ningejibu hivyo hivyo. Akaandika kitu. Akasema kwamba tangu aanze kazi hapa hakuna aliyewahi kumfafanulia tar3 akaielewa. Nilimshukuru. Akasema hakuwa akinisifu. Kisha akanipa hadi Jumatatu niyasafishe maelezo yote. Ataiangalia hifadhidata yeye mwenyewe, nyumbani, mwisho wa juma ujao, ndipo aamue nani abaki.

Kwa hiyo bado nimo!

Shemeji alinisubiri kwenye ngazi. Alikuwa ameyaona maneno yangu tangu Jumatano, alipoangalia kama nimemaliza. Alidhani nimeyaweka pale makusudi, ili ayasome yeye. Alisema, “Wewe ni mzee wangu. Ungeniambia tu mdomoni ningeacha kutafuna.” Nilimuuliza kwa nini hakunionya. Akasema kwamba alinivuta koti hadi kifungo kikabaki mkononi mwake. Akanirudishia kifungo.

Jioni mke wangu alinipa chakula. Kisha akaniambia kwamba vifaranga wangenijua kama ningewapa muda.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Shemeji yuko nyumbani kwangu anapaka uzio. Mimi nipo ofisini.

Nimeyasafisha maelezo yote. Jambo zuri kuhusu hifadhidata ni kwamba ukiandika maelezo mapya, ya zamani yanafutika, hayabaki hata kivuli. Nimekagua kwa \d+ vitu. Safi. Mtu mzima hukagua.

Katika kukagua nimegundua jambo. Si safu peke yake zinazoweza kuandikiwa maelezo. Hata jedwali zima linaweza! Nimeliandikia vitu maelezo ya jaribio. Nikachapa \d. Hayapo. Nikachapa \d+, ile ile ya Shemeji. Hayapo! Hata alama ya kujumlisha haiyafikii.

Kumbe pana chumba cha ndani zaidi.

Nimeyafuta yale ya jaribio, na mahali pake nimeandika, kwa sentensi kamili, maoni yangu juu ya kikao cha Alhamisi, juu ya watu wasomao nusu kwa sauti na nusu kimya, na juu ya mwavuli. Ni aya nzuri. Ndefu kiasi. Nimeacha nafasi ya kuongeza.

Nilipokuwa nikitoka nilipishana na Mkurugenzi mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua karatasi ambayo Shemeji alimwandalia, yenye amri zote zinazotumia alama ya kujumlisha. Niliiona juu juu. Ya kwanza ni \d+. Ya pili ni \dt+, kando yake neno “majedwali”, ambayo siijui na sikuona haja ya kuiulizia. Alisema anataka kujifunza kabla ya kuamua. Nikamtakia masomo mema. Ni jambo la kupendeza mtu mwenye cheo anapokubali kuwa hajui.

Kiti chenye magurudumu kimeletwa. Kimefunikwa nailoni, kimewekwa kati ya meza zetu mbili. Nilikikalia kidogo, juu ya nailoni hiyo hiyo.

Shajara, uamuzi ukishatolewa nitakuandikia, na safari hii sitakawia.