Bendi Imekuja Mbulu, Shangazi Amekufa

Jumapili, 11 Julai 1954

Bendi inakuja Mbulu. Imetangazwa kanisani baada ya misa, mara baada ya tangazo la ndama aliyepotea. Watu kumi na wanne kutoka Arusha. Matarumbeta, saksafoni, tromboni, na bwana mmoja mwenye gitaa la besi linalomzidi urefu. Watapiga swingi, muziki wa dansi wa Wamarekani, Jumamosi hii, saa tisa mchana, ndani ya ghala la mahindi, maana hakuna jengo jingine litakalowatosha.

Swingi naijua kwa santuri moja tu, ya Bwana Halfani, mwajiri wangu. Ina mkwaruzo. Tarumbeta likifika pale patamu linaruka na kurudi nyuma. Miaka miwili nashona suruali za watu barazani kwake, na sijawahi kuusikia wimbo ule ukiisha. Nataka kuusikia ukiisha. Sitaki kingine mwaka huu.

Shida ni kwamba Jumamosi ni siku ya mnada. Siku ya mnada Bwana Halfani hamwachi mtu ainuke kwenye cherehani hata kwa haja ndogo. Ghala lina viti sitini tu, na orodha ya watu iko kwa Mzee Hermani, mwenye nyumba wangu. Mimi ni wa arobaini na moja. Nicodemo, dresa anayefunga vidonda zahanati, ni wa tatu. Tayari anatembea kwa hatua za foksi, dansi la Kizungu, njia nzima ya sokoni.

Jumanne, 13 Julai

Nimemuua Shangazi Perpetua.

Kwa mdomo tu. Yeye yuko Tumati, mzima kabisa, anapukuchua mahindi. Jana nilishinda msituni juu ya mji ili nionekane nimesafiri. Baridi ilinitoa machozi, nikaona heri, nikayaleta kazini asubuhi hii yakiwa bado mabichi. Nikamwamkia Bwana Halfani shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Nikamwambia shangazi aliyenilea amefariki.

Akaniuliza kama nilimkuta hai. Nikasema alifia mikononi mwangu. Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo ulikwisha kunoga. Nikasema nilimfumba macho mimi, nikamlaza mimi, na udongo nimetia mimi. Bwana Halfani akashika kichwa. Alikuwa ameanza kuniambia jambo kuhusu Jumamosi, akaliacha. Akanifungia kilo ya sukari na kunipa ruhusa mpaka wiki ijayo.

Wiki nzima! Nimerudi chumbani na kujitazama kwenye kioo. Sura ya mtu mwenye akili.

Jumatano, 14 Julai

Nimekwisha.

Nilisahau jambo moja dogo. Bwana Halfani ni mtu wa dukani, wazee wake walitoka Kondoa. Mimi ni Mwiraqw. Kwetu sisi, aliyetoka kwenye nyumba ya msiba na kumshika maiti hutengwa. Haoti moto na wenzake, hanywi kikombe kimoja nao, na kwenye mkusanyiko haonekani mpaka siku zake ziishe na wazee waseme amesafishika. Akikaidi, huwaletea watu mkosi.

Bwana Halfani, kwa wema wake, alikwenda kumpa Mzee Hermani habari za msiba wangu. Hakuacha hata habari ya udongo.

Alfajiri nimesikia mtu akikohoa mbali. Mzee Hermani, amesimama kule njiani, nami niko mlangoni, katikati yetu shamba la maharage. Akanipa pole kwa kupaza sauti. Akasema chakula changu kitawekwa juu ya jiwe, nikichukue yeye akishaondoka. Akasema, kwa adabu sana, kwamba jina langu amelifuta.

Nikauliza siku ni ngapi. Akasema wazee watakaa kikao waamue. Nikauliza watakaa lini. Akasema nisiwe na haraka, marehemu hana haraka.

Nafasi yangu amepewa binamu wa Nicodemo.

Alhamisi, 15 Julai

Nimeamua kusema kweli. Nilimwita Mzee Hermani kwenye maharage nikamwambia hakuna aliyekufa, nimesema uongo kwa sababu ya bendi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kila anayetengwa huanza hivyo hivyo, kwamba hakuna aliyekufa. Akasema ni uchungu unaosema. Nikaapa. Akarudi nyuma hatua tatu. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Akarudi nyuma hatua tano, na baada ya hapo sikumsikia vizuri.

Nikapiga kelele, nikamwomba atume mtu Tumati akaone mwenyewe. Akapiga kelele kwamba ameshatuma, tangu jana, mtu na pole za majirani wote.

Sijala. Uji uko juu ya jiwe, na kuku wa Mzee Hermani wameufikia kabla yangu. Wao hawaogopi kutengwa.

Ijumaa, 16 Julai

Lori la bendi limeingia saa saba. Nimelisikia tu. Mji wote ulikwenda kulipokea, mimi nikaenda kuchota maji.

Kisimani kulikuwa na kina mama kama ishirini. Waliponiona waliacha ndoo, wakapanda kilima. Nilichota taratibu. Nilinawa miguu. Kisima kizima kilikuwa changu.

Nimekaa chumbani nikalifikiria jambo hili tangu hapo. Viti ni sitini. Mji una watu mia kadhaa. Waliobaki watagombea madirisha ya ghala, na mimi ndiye mtu pekee Mbulu asiyehitaji kugombea.

Jumamosi, 17 Julai



Saa nane na nusu nilitoka. Dirisha la mashariki lilikuwa limejaa watu mpaka juu ya mabega ya watu. Nilikohoa. Mmoja akageuka, akamgusa mwenzake. Kufumba na kufumbua ukuta wote ulikuwa mtupu, nao wamesimama hatua thelathini nyuma yangu wakinong'ona. Nikaegemeza viwiko dirishani. Hata mkuu wa wilaya hakuwa na nafasi kama yangu.

Niliona kila kitu. Makoti meupe kumi na manne. Shaba inang'aa kwenye vumbi la mahindi. Kiongozi alihesabu kwa kidole, na wote wakaanza kwa pumzi moja. Santuri haikunieleza jambo hili. Santuri ni sauti ya mtu mmoja aliye kisimani. Hii ilinipiga kifuani. Saksafoni zinauliza, tarumbeta zinajibu, besi inatembea chini yao bila kuchoka, na mpiga ngoma anacheka peke yake kama anayejua siri ya watu wote. Miguu yangu ilicheza bila ruhusa yangu. Ndani, Nicodemo alikuwa amekaa na mikono magotini kama yuko shule. Mstari wa mbele alikuwepo Bwana Halfani. Nikajiuliza duka kamwachia nani.

Kisha wakapiga wimbo wangu.

Tarumbeta lilipanda. Likafika pale pa mkwaruzo. Likapita! Nililia, na safari hii si kwa baridi. Likaenda mahali ambapo sijawahi kufika, likashuka, likageuka, bendi nzima ikainuka vitini, na nikajua kwamba mwisho uko karibu.

Hapo nikasikia kelele nyuma yangu. Nikageuka. Shangazi Perpetua alikuwa amesimama kati ya watu, vumbi mpaka magotini, fimbo mkononi, akijitaja jina. Ametembea tangu alfajiri kuja kuuliza amekufa kwa ugonjwa gani.

Watu walimtazama. Wakanitazama. Wakaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba hakuna maiti, na kwa hiyo hakuna mkosi. Wakalirudia dirisha lao, wote, kwa mbio. Nilipitiwa na viwiko, magoti na mtoto mgongoni mwa mama yake. Nikaangukia mfereji nyuma ya ghala, na mtu akaangukia juu ya sikio langu.

Nilipoinuka nilisikia makofi. Wimbo ulikuwa umeisha.

Jumapili, 18 Julai

Mzee Hermani alimwingiza shangazi ndani jana, akampa kiti chake mwenyewe, mita mbili kutoka kwenye tromboni. Amesikia nyimbo saba. Amesema ni watu wazuri ila wanapuliza kwa nguvu mno, watapata henia.

Bwana Halfani amenifuata asubuhi. Hakupaza sauti. Kasema Jumanne ile alitaka kuniambia kwamba atafunga duka saa nane, tuende sote. Kiti cha kushoto kwake kilikuwa changu. Kilikaa kitupu mchana kutwa kwa heshima ya marehemu. Kuanzia kesho nitashona magunia uani, mbali na santuri.

Baadaye nilikaa na shangazi. Akaniuliza kama, nilipomtangaza, nililia. Nikasema nililia sana. Akauliza kama walionisikia walihuzunika. Nikasema mpaka sukari walitoa. Akaweka fimbo chini. Nikaona ameumia, na nikaona aibu ambayo sikuizoea. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa, na mimi nimemfukia kwa ajili ya saa mbili za tarumbeta.

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Kisha, kwa kuwa nisingelala, nikamwomba aniimbie tu ule mwisho wa wimbo wangu, aliousikia akiwa bado nje, taratibu, kwa mdomo.

Akasema wafu hawaimbi. Akachukua sukari yote, akaondoka kwenda Tumati.

Jumatano, 21 Julai

Magunia tisini. Vidole vimechubuka. Mji mzima unapiga mluzi wimbo ule, na kila mtu anauacha kabla ya mwisho akiniona. Nicodemo kawafundisha.

Lakini kuna habari. Bendi itapiga Katesh tarehe saba Agosti. Kwenda na kurudi kwa miguu ni siku nne, na Bwana Halfani hatanipa hata moja.

Nimewaza kwa makini. Kosa langu lilikuwa kumhusisha mtu mwingine. Safari hii ni mguu wangu mwenyewe. Umeteguka. Na Hirbadaw, karibu kabisa na Katesh, kuna Mzee Gidamis ambaye anasifika kwa kuunga mifupa. Nani atamzuia mgonjwa asiende kutibiwa? Nimeshaanza kuchechemea tangu asubuhi, kidogo kidogo, ili watu wazoee.

Nicodemo amekuja uani na bandeji, akaniuliza ni mguu gani. Nikamwambia wa kulia. Akaufunga vizuri sana, akaenda zake. Nimekuja kukumbuka jioni hii kwamba mchana kutwa nilikuwa nachechemea wa kushoto.

Si neno. Kesho nitachechemea yote miwili.