Sentimita Ishirini za Sharon

Jumanne, 11 Machi 2025

Nimekwisha! Kocha Ndimyake wa chuo kimoja cha Mbeya amepiga simu. Jumamosi anakuja Sumbawanga kumwona Sharon, mchezeshaji wa timu yangu ya kikapu hapa shule ya Milanzi, aone kama anafaa timu ya chuo. Akifaa, atasomeshwa. Asipofaa, mama yake, Josefina, ameshasema: mtihani wa kidato cha sita ukiisha, binti anateremka Mtowisa kwa mjomba kulima mpunga.

Ripoti niliandika mimi, mwaka jana. Urefu: sentimita 178. Sharon ana 158. Sijui nilipitiwa na nini.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata akili. Sharon harefuki, lakini uwanja unainuka! Tukijaza udongo, goli litakuwa karibu, naye ataonekana mrefu. Sababu ipo: mvua zimeotesha majani hadi magotini. Nimemwamkia Mzee Valerian wa hapa mtaani shikamoo mara mbili, kwa woga, nikamwomba alete watu wake. Pombe ya ulezi juu yangu. Nimemwambia wafukie majani yote kwa udongo. Akasema kazi hiyo wanaijua tangu utotoni. Furaha yake imenitia wasiwasi.

Alhamisi, 13 Machi

Mungu wangu! Nimetoka ofisini saa kumi, uwanja mzima matuta! Ya mviringo, mistari imenyooka, majani yamefukiwa ndani. Kumbe huku Ufipa ukisema majani yafukiwe, umeagiza matuta ya shamba. Mtu wa Tukuyu ningejuaje? Mzee Valerian ameniuliza maharage napanda lini. Pombe imeisha. Nimelia kidogo nyuma ya goli.

Ijumaa, 14 Machi

Tumesawazisha tangu alfajiri. Sharon kaja na jembe lake. Saa sita mvua. Udongo ni laini, ukidunda mpira haurudi. Unakaa. Sharon akauliza kama kocha atamwona hajui mpira. Nikamwambia asiogope. Mimi sijala tangu jana. Josefina kanikuta sokoni, akaniambia kwa upole kwamba ananitegemea. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 15 Machi

Kocha kauliza yule wa 178 yuko wapi. Nikaonyesha kwa mkono upande wa timu, kwa jumla. Sharon akajitokeza, akasema ni yeye, na ni 158. Kocha akanitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Mchezo ukaanza. Mpira ukafia kwenye udongo. Mara ya pili, vilevile. Sharon akaacha kabisa kudunda. Akawa anatoa pasi kabla mguu haujatua, akiruka mabaki ya matuta, akiwaita wenzake kwa majina na kuwaonyesha pa kukimbilia. Kocha kaandika kurasa mbili, akaondoka. Josefina hakunisalimia.

Jumatatu, 17 Machi

Amepita! Kocha kapiga simu, kasema mkono wa kushoto bado dhaifu, na kudunda atamwona kwenye sakafu, lakini macho yale hayafundishwi. Josefina kapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka nje. Sharon kakaa chini, akalia.

Kisha kocha akaniambia nimsikilize vizuri. Warefu anao tele. Anatafuta mgawa mipira, hata awe mfupi. Aliposoma 178 aliiweka ripoti kando, na amekuja tu kwa sababu alikuwa na harusi ya ndugu yake hapa mjini. Ningeandika ukweli, angekuja tangu mwaka jana.

Bila harusi ile, binti wa watu angekwenda Mtowisa kwa ajili ya namba yangu! Nimeapa mbele ya Mungu: sirefushi mtu tena.

Jioni nimeanza ripoti ya Gift, anayemfuata Sharon kwenye timu. Ana 176. Lakini kocha kasema mwenyewe kwamba warefu anao tele. Nimeandika 149. Namba inasomeka vizuri.