Mama Pindo na Kanuni za Kuimba

Idara yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba kuimba sasa kunasimamiwa ipasavyo. Mimi ni katibu wa kamati husika, na nililishuhudia jambo hili tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe alikuwa Mama Pindo, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya ofisi. Macho yake yalianza kumsaliti. Sindano moja akiiona mbili. Akaamua kukigeuza chumba cha kushonea kiwe mahali pa karaoke, watu waje waimbe wakifuata maneno kwenye runinga. Cherehani alikwisha kuiuza. Hakuwa na pa kurudi.

Alikuja ofisini na mdogo wake kuomba kibali, wakatueleza walichochagua: spika mbili ndogo, maana chumba ni kidogo na jirani ana mtoto mchanga, vipaza sauti viwili, kwa wanaoona haya kuimba peke yao, na nyimbo za zamani, zile ambazo mtu hujikuta anazijua bila kujifunza.

Kamati ilisikitishwa na upungufu huo wa maono. Mkurugenzi wetu, ambaye akihutubia hata nzi hutafuta dirisha, alielekeza ziletwe spika za uwanjani. Zilipoingia spika, ikabaki nafasi ya wateja wembamba. Kisha tukazipitia nyimbo. Za mapenzi yaliyovunjika tuliziondoa kwa kuchochea majonzi bila idhini. Za mapenzi yaliyodumu tuliziondoa kwa kuwaumiza wale ambao yao yalivunjika. Ukasalia mmoja: wimbo wa idara, uliotungwa na Mkurugenzi mwenyewe, wenye beti kama treni ya mizigo.

Mama Pindo akauliza kwa upole ni nani atakayekuja kuuimba.

“Wananchi,” akasema Mkurugenzi.

“Wanaujua?”

“Wataujua.”

Hawakuujua. Chumba kilikaa kitupu, na kila jioni Mama Pindo alizima mitambo. Mdogo wake alinidokeza kwamba dada hata chakula kimemshinda. Niliguswa sana, nikaliwasilisha suala hilo kwenye kikao, chini ya mengineyo.

Kamati ikatafakari na kubaini kiini cha tatizo: waimbaji wabovu huwafukuza wazuri. Kwa kuwa mashine ile ya karaoke humpa mtu alama kati ya mia akimaliza kuimba, Mkurugenzi akasaini kanuni kwamba yeyote atakayepata chini ya hamsini asishike kipaza sauti hadharani mpaka afaulu. Ili kuonyesha mfano, akaenda kuimba wa kwanza, mtaa mzima ukiwa mlangoni.

Aliimba beti zote. Nasema aliimba kwa sababu ndivyo taarifa rasmi inavyosema. Mashine ikawaza, ikatoa tisa.

Mkurugenzi akaagiza mashine ifikirie upya, akarudia wimbo. Ikatoa saba. Hakuna aliyecheka, watu walishikwa tu na kikohozi, wote kwa pamoja. Akaninong'oneza kuniuliza kanuni inasemaje kuhusu wakurugenzi. Nikamjibu kwamba inasema “yeyote”, na kwamba neno hilo aliliongeza yeye.

Mkutano wa hadhara uliofuata akahutubia kwa mdomo mtupu. Wa mbele walisikia kidogo. Wa nyuma hawakusikia kitu, na ndio waliopiga makofi kwa moyo.

Mchana mmoja akaenda kwa Mama Pindo, kwa miguu, bila dereva, akaomba afundishwe. Mama Pindo akamkaribisha kiti. Akamweleza kwamba nia anayo, ila kwa spika zile hata malaika angekosea, na wimbo ule si wa mwanafunzi. Kabla jua halijazama spika za uwanjani zilikuwa zimeondolewa, ndogo zimeletwa, na nyimbo zote zimeruhusiwa.

Habari zikaenea. Kesho yake chumba kilifurika, mdogo mtu akawa anapanga watu zamu huku dada yake akicheka waziwazi. Mkurugenzi naye akafika, akanyoosha mkono kukitwaa kipaza sauti.

“Bado, baba,” Mama Pindo akamwambia. “Kwanza wasikilize wenzako.”

Akakaa kwenye benchi, katikati ya fundi viatu na yule jirani mwenye mtoto, akawasikiliza wananchi mpaka jioni. Nilitaka kuliingiza tukio hilo kwenye taarifa ya idara, lakini sikupata kipengele kinacholihusu. Jambo la namna hiyo lilikuwa halijawahi kutokea.