Mihuri ya Bwana Ng'ambo

Mtaa mzima haukuwa na mtu aliyeijua dunia kama Bwana Ng'ambo. Kama huamini, ungemuuliza mwenyewe!

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za pasipoti. Alikuwa na chumba kimoja mkabala na ofisi ya uhamiaji: pazia jeupe, kigoda, taa mbili, na kitana kilichofungwa kamba ukutani kisije kikasafiri na mteja. Kwa miaka kumi na minne aliwaambia watu, "Inua kidevu. Usicheke. Masikio yaonekane." Wakitoka pale wanapanda ndege, yeye anabaki na kitana.

Halafu naye akapata pasipoti. Lo! Ikaanza kunenepa kwa mihuri kama mtu aliyehamia jikoni. Mteja akishakaa tu, Ng'ambo anaichomoa mfukoni na kuifungua taratibu, kama anafungua lango la ikulu.

"Unauona huu uliofifia? Huu ni wa nchi ya barafu. Kule hata wino unaganda!"

Watu wanashika vichwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini muhuri wa barafu ulifanana na jirani zake wote kama mapacha.

Aliyemwamini kupita wote alikuwa mama mkwe wake. Kwa hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyeolewa nchi ya pili, alipojifungua na familia ikaamua kwenda kumwona mtoto, kura haikupigwa. Kiongozi wa msafara ni Bwana Ng'ambo! Akavaa suti ya vipande vitatu kwa safari ya basi ya mwendo wa saa mbili, na mto wa shingoni juu yake.

"Mama, ukifika dirishani usitetemeke," alimfundisha mkwewe njiani. "Jibu kwa kifupi. Ukikwama, nitaje mimi."

Mama mkwe aligeuzageuza pasipoti yake mpya, bado inanukia gundi. "Mkwe wangu, mihuri mingi hivyo haiwezi kukuletea matatizo? Wasije wakasema umezidisha."

Ng'ambo alicheka mpaka mto ukacheza shingoni. "Matatizo? Mama, muhuri ni cheo! Mwanajeshi ana nyota, mimi nina mihuri. Wakiiona hii watasimama!"

Na kweli walisimama.

Mpakani, kwenye dirisha la nchi ya pili, mama mkwe alitangulia. Afisa, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akagonga mara moja: pa! "Karibu, mama." Mke akafuata: pa! Ng'ambo akasukuma pasipoti yake kwa vidole viwili, akatazama pembeni kama mtu anayechorwa kwenye noti.

Afisa akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akatazama kompyuta, akamtazama Ng'ambo, akasimama. Akamwita mwenzake. Mwenzake naye akaangalia, akabaki amesimama.

"Bwana, tunakuomba chumbani."

Ng'ambo akamkonyeza mkewe. "Chumba cha wageni mashuhuri."

Chumba chenyewe kilikuwa na meza ya bati na viti viwili, dirisha hakuna. Begi lake likamwagwa lote mezani, soksi kwa tai.

"Umeingia kwetu mara thelathini na moja," alisema afisa. "Zote mpaka huu huu. Na kompyuta inasema hujawahi kumaliza hata saa nzima. Unabeba nini?"

"Mimi? Sibebi kitu!"

"Anayevuka mara zote hizo bila kubeba kitu ndiye ninayemwogopa zaidi."

Jasho likaanza kuipiga suti pasi upya. Mke na mama mkwe wakaitwa watoe maelezo. Mama mkwe akaona hapa ndipo pa kumtetea mkwewe, akajitutumua.

"Nyie hamumjui! Huyu ana mikutano kila nchi. Mikutano ya siri! Hata mwanangu haambiwi wanaongea nini."

Afisa akachukua kalamu. "Ya siri? Na nani?"

"Na wakubwa!"

"Mama, tafadhali…" Ng'ambo alinong'ona.

"Ninyamaze wakati wanakudharau? Siku ya barafu aliondoka asubuhi, alasiri karudi. Ndege ya wakubwa hiyo, haionekani kwa macho!"

Afisa aliandika: wakubwa, ndege, haionekani. Mwenzake akafunga mlango, akachomoa pingu kiunoni.

"Soda!" Ng'ambo alipiga kelele.

"Soda gani?"

"Ya kunywa! Navuka, nanunua soda pale kibandani, nakaa kwenye benchi mpaka iishe, narudi. Basi."

"Kwenu hakuna soda?"

"Zipo." Akatazama sakafu. "Kila ninayempiga picha anaondoka. Nilitaka na mimi nionekane nimefika mahali."

Mkewe akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona leo. "Na siku niliyofunga kula, nikikuombea ndege isianguke?"

"Soda," alisema Ng'ambo kwa sauti ya chini. "Ya nanasi."

Muuza soda akaitwa athibitishe. Aliingia akifuta mikono, akamwona, akainama. "Shikamoo, Mheshimiwa Balozi!"

Mama mkwe akafufuka. "Mnasikia? Balozi!"

"Ndivyo anavyoniambia mwenyewe," alisema muuza soda. "Ila kwa balozi, soda moja anaikalia mno. Na chupa anarudisha kwa mkono wake."

Afisa alicheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani. "Haya, Balozi. Kunywa soda si kosa. Twende nikugongee."

Dirishani akauinua muhuri juu. Akafunua kurasa, mbele, nyuma, tena mbele. Akaushusha muhuri mezani.

"Hakuna nafasi."

"Gonga juu ya mingine!"

"Hairuhusiwi. Kona ya mwisho wenzangu wa upande wenu wameimaliza leo asubuhi. Rudi nyumbani ukaombe pasipoti mpya."

Mkewe akamvua mto wa shingoni, akauvaa yeye, akabeba zawadi za mtoto. Mama mkwe, mwenye muhuri mmoja tu ambao wino wake ulikuwa haujakauka, akampapasa bega kwa huruma.

"Usihuzunike, mkwe wangu. Nikirudi nitakuja kukusimulia huko nje kukoje."